Tupeni cheti cha utumishi, wapishi wa Nyanda za Juu tupo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua itakuwa ndefu mtanisamehe, ila hili jambo ninalo rohoni muda mrefu na barua ya yule ndugu wa Iringa mliyoitoa juzi ndo imenifanya nikae chini niandike. Ndugu yule anasema hoteli za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini zinaagiza wapishi Arusha mpaka Nairobi kwa sababu huku wapishi hamna, watalii wa hifadhi za Ruaha na Kitulo wanakuja lakini vijana wetu wanajua wali maharage na chips mayai basi. Simlaumu, ameandika anachokiona. Mimi ni mpishi, mzaliwa wa Tukuyu, nina mgahawa wa chakula cha Kithai hapa Mbeya mjini na nimepita kwenye majiko ya watu miaka mingi kabla sijapata langu, kwahiyo nataka nimjibu kwa ninachokijua. Wapishi wapo. Wako kwenye masinki wanaosha masufuria, kwa sababu kila wakihama kazi wanaondoka bila cheti cha utumishi, yaani karatasi ya mwajiri inayosema walipika nini, wapi na kwa muda gani, na huko wanakoenda wanaanzishwa upya.

Nieleze njia yangu kidogo. Nilianzia kwa mama mdogo, alikuwa mama lishe Mwanjelwa hapa Mbeya, kazi yangu ilikuwa kuwasha mkaa na kuchagua mchele, na pale nilijifunza kuujua moto, kitu ambacho mpaka leo ndo naanza nacho nikimpima kijana mpya. Mama mdogo alikuwa anaangalia makaa tu anakwambia haya ni ya maharage, haya ya chapati bado, ngoja. Kutoka hapo nikapata kazi hoteli moja Iringa, nikaingia kama stuadi, yaani muosha vyombo vya jikoni, yale masufuria makubwa ya kuingiza mkono mpaka begani. Hakuna aliyesimama akanifundisha kupika. Ukimaliza masufuria unamsaidia mtu wa mboga kumenya vitunguu, siku mtu wa mboga hajaja unakata mwenyewe, mtu wa supu akihama unasogezwa, ndivyo watu wanavyopanda jikoni, na mimi nilipanda hivyo mpaka nikawa nashika zamu ya usiku, oda zote za chakula cha jioni zinapita mikononi mwangu, ila kwenye daftari la mishahara bado nimeandikwa kibarua wa usafi.

Nilipoamua kwenda Dar nikaomba barua. Sikuomba hela ya ziada, niliomba barua tu iseme huyu alikuwa jikoni kwetu kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani na alikuwa anafanya kazi hii na hii. Meneja akanijibu kibarua hapewi barua, na kama naitaka sana basi nisiondoke. Nikaondoka bila. Dar nikazunguka kwenye mahoteli na migahawa, kila mlango ni yale yale, umefanya kazi wapi, Iringa, una uthibitisho gani, sina, basi dada tuanze na vyombo halafu tutaona. Mtu aliyekuwa anaendesha zamu ya usiku nikarudi kwenye sinki. Kazi ya sinki siidharau, wapishi wengi wazuri ninaowajua wameipitia, lakini kuipitia mara ya pili huku unamwona anayekata samaki pale mbele anamharibu na huna ruhusa ya kumgusa, inauma.

Sinki hilo la pili lilikuwa la mgahawa wa Kithai upande wa Masaki. Mpishi mkuu alikuwa mama wa Kithai anayetokea Isan, kaskazini mashariki ya nchi yao, Kiingereza kidogo, Kiswahili cha kuunga unga, na alikuwa anafundisha kwa kijiko. Anachota mchuzi anakuonjesha, anaongeza mchuzi wa samaki anakuonjesha tena, anakamua ndimu, tena, anatia sukari kidogo, tena. Chakula chao kinasimama kwenye chumvi, uchachu, utamu na ukali wa pilipili, vyote viwepo mdomoni na kimoja kisimfunike mwenzake, na hapo hakuna mzani utakaokusaidia maana ndimu ya leo sio ndimu ya jana, lazima ulimi wako ujifunze. Huo mchuzi wa samaki wenyewe ni samaki wadogo wa jamii ya dagaa wanalazwa na chumvi mwaka mzima na zaidi mpaka wanatoa maji ya rangi ya chai, ukiunusa kwenye chupa unaweza ukakimbia, ukiingia kwenye chakula huuoni ila ukikosekana unajua.

Nitoe mfano wa tui maana hapa msomaji yeyote anayepika atanielewa. Sisi tunavyofundishwa nyumbani, tui zito likiingia kwenye mchuzi unakoroga bila kuacha, moto mdogo, lisikatike, likikatika umeharibu mboga na mawifi watakusema. Yule mama alichukua tui zito la kwanza akaliweka kwenye kikaango peke yake, bila tone la mafuta, akaliacha lichemke mpaka likakatika. Mimi niko kwenye sinki naangalia, moyo unanienda mbio nikijua atatupa. Hakutupa. Mafuta yakajitenga yakaelea juu yanang'aa, ndo akatumbukiza viungo vilivyotwangwa, vikakaangika kwenye mafuta yale yale ya nazi, harufu ikajaa jiko zima, ikaja nyama, na mwisho kabisa tui jepesi. Hivyo ndivyo mchuzi wao wa kijani na ule mwekundu unavyoanza. Na tui la kopo lina shida hapo, mengi yametiwa vitu vya kulizuia lisijitenge, unaweza ukalichemsha mpaka ukachoka halikatiki, kwahiyo nazi ya kukuna na kukamua kwa mkono inashinda, na nani anaijua nazi ya kukuna kama sisi?

Kilichonitoa kwenye sinki ni kinu. Viungo vyao vinatwangwa kwenye kinu cha jiwe na vina utaratibu wake, unaanza na vigumu na vyenye nyuzi unamaliza na vyenye maji. Pilipili na chumvi ya mawe kwanza, mchaichai ile sehemu nyeupe ya chini iliyokatwa nyembamba, galangali ambayo ni ndugu wa tangawizi, ganda la ile ndimu yao yenye makunyanzi, mizizi ya giligilani, kitunguu saumu, vile vitunguu vidogo vyekundu, na mwisho uji mzito wa kamba waliovundikwa na chumvi. Ukitanguliza vitunguu kinu kinakuwa rojo na mchaichai hautwangiki tena, unateleza tu chini ya mchi. Na blenda sio jibu, blenda inadai maji ili izunguke, na ukitia maji viungo vinachemka badala ya kukaangika. Sasa siku hiyo jamaa wa kutwanga hayupo, mama akaniita, nikatwanga. Nimekulia Tukuyu nimetwanga tangu mtoto, najua kuuachia mchi ushuke kwa uzito wake na kuzungusha kinu kwa goti. Akaja akachovya kidole akaonja, akaangalia nyuzi kama zimeisha, akaniuliza umejifunza wapi, nikamwambia nyumbani. Kuanzia hapo sikurudi kwenye vyombo. Nikawa msaidizi wake, halafu nikawa mtu wa kikaango, halafu nikawa nafungua jiko asubuhi na kulifunga usiku.

Yule mama hakuniuliza karatasi, alinipa kinu akaangalia mikono yangu. Nampenda mpaka leo kwa hilo. Lakini ndugu zangu tasnia nzima haiwezi kuendeshwa kwa bahati ya kukutana na mtu kama yule, maana siku ile jamaa wa kutwanga angekuja kazini mimi pengine mpaka leo ningekuwa naosha masufuria Masaki, na huko Iringa mngeendelea kuandika kwamba Mbeya hamna wapishi.

Sasa kuna watu wananiuliza, na wengi wanauliza kwa nia njema kabisa, Mnyakyusa na chakula cha Kithai wapi na wapi, si ungepika ndizi. Ndizi napika na nazipenda. Ila nataka vijana wetu wajue kwamba hii njia niliyopita mimi sio kioja, duniani imeshapitwa na watu wanaoheshimika. David Thompson ni Mwaustralia, alikipenda chakula cha Kithai akajifunza miaka na miaka mpaka kuchambua mapishi ya zamani ya Kithai, mwaka 2001 akafungua mgahawa wake Nahm mjini London na ukawa mgahawa wa kwanza wa Kithai kupata nyota ya Michelin, ile ya kitabu cha kampuni ya matairi ya Ufaransa ambacho wapishi dunia nzima wanakihofia. Andy Ricker wa Portland kule Marekani alikuwa fundi wa kupaka rangi nyumba, alifika Thailand mara ya kwanza mwaka 1987, akawa anarudi na kurudi anakula na kuuliza, na mwaka 2005 akafungua Pok Pok, akianza na kibanda cha kuku wa kuchoma na saladi ya papai bichi. Na kwao wenyewe Bangkok yupo mama anaitwa Jay Fai, aliwahi kuwa fundi cherehani, anapika pembeni ya barabara kwenye majiko ya mkaa amevaa miwani mikubwa ya kuzuia mafuta yasimrukie machoni, na Michelin walipotoa kitabu chao cha kwanza cha Bangkok mwezi Desemba 2017 walimpa nyota yule mama wa mkaa. Jiko la mkaa! Nikiwaona mama lishe wa Mwanjelwa wanavyochezesha vikaango kwenye mkaa huwa nasema hawa kinachowapungukia sio mikono.

Na Thailand yenyewe serikali yao haikukaa kusubiri. Mwaka 2002 walianza mpango wa makusudi wa kusambaza migahawa ya Kithai duniani, wakafundisha wapishi, wakaweka njia ya mikopo kwa raia wao wanaotaka kwenda kufungua nje, wakaweka na alama ya kutambua mgahawa unaopika chakula cha kweli. Wakati wanaanza migahawa ya Kithai nje ya nchi yao ilikuwa kama 5,500, kufika 2018 ilishazidi 15,000. Hata pad thai, zile tambi za mchele za kukaanga ambazo kila mgeni anaziulizia, zilisukumwa na serikali yao wakati wa waziri mkuu Phibunsongkhram, miaka ile ya mwisho ya 1930 kuingia 1940. Yaani wenzetu walimhesabu mpishi kama sehemu ya uchumi wa nchi. Huku sisi mpishi ni yule ambaye shule ilimshinda.

Kurudi Mbeya ndo nilijua kwamba kujua kupika Dar sio kujua kupika popote. Huku tuko juu, mji uko kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwahiyo wali uliokuwa unaiva kwa dakika zangu za Masaki huku unatoka na kiini. Mvuke uongezewe muda, mchele uloweke kwanza. Mchele wenyewe natumia wa Kyela na sina haja ya kuuombea radhi. Wa kwao ule wa jasmini ni laini zaidi na unashikana kidogo, wa Kyela unaachia punje punje, lakini harufu ya wali wa Kyela ukifunuliwa sufuria kila mtu anaijua, na wageni wa huko Asia wameula kwangu wakauliza naununua wapi. Papai bichi la saladi yao linatoka Kyela pia, nyanya za Iringa, karanga zipo, mchaichai umeota nyuma ya nyumba. Pale ambapo wao wanatia kamba wakavu kwenye ile saladi ya kutwanga mimi natia usipa, wale samaki wadogo wa ziwa Nyasa, waliokaangwa wakawa wakavu kabisa, na kwenye menyu nimeandika wazi kwamba ni usipa, simdanganyi mtu. Giligilani ilinisumbua mwanzoni kwa sababu sokoni wanakata mizizi wanatupa, sa hivi akina mama wawili wa Mwanjelwa wananiletea na mizizi yake yenye udongo, na wao wanaona ajabu mtu kununua mizizi ila biashara ni biashara. Nazi ndo mzigo mzito, inatoka pwani na lori, mvua ikiharibu barabara bei inaruka. Na mti wa ile ndimu yenye makunyanzi, ambao majani yake nayo yana harufu, niliuleta kama mche, mwezi wa sita na wa saba naufunika na gunia usiku maana baridi ya Mbeya mnaijua.

Lakini mgahawa haufunguliwi kwa mchaichai. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mpaka mwaka kwa mkupuo, kuna leseni ya biashara, mamlaka ya mapato, mashine ya risiti, bwana afya, vipimo vya afya vya kila anayeshika chakula, zimamoto, na yote hayo ni halali na nayalipa. Nilienda benki moja kuomba mkopo. Afisa alikuwa mstaarabu, alinisikiliza vizuri, akaniuliza uzoefu wangu kwenye biashara ya chakula nikamweleza yote hii niliyoeleza hapa, akaniuliza una maandishi? Sina. Iringa sina, Dar nako yule mama wa Kithai alikuwa ameshaondoka nchini na wenye mgahawa waliuza, wapya wakasema hawanijui. Miaka yote ile ya moto na mvuke kwenye faili la benki ikaonekana kama nilikuwa nimekaa nyumbani. Nilifungua kwa hela za kikoba na shamba la viazi nililouza na kaka yangu, kwa meza chache na jiko moja la gesi la moto mkali. Namshukuru Mungu pamesimama, wanafunzi wa chuo wanakuja, wasafiri wa Zambia wanakuja, madaktari, familia za Jumapili. Ila njia ingekuwa fupi.

Sasa naomba wenye hoteli wasome hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema mwajiri anapoachana na mfanyakazi ampe cheti cha utumishi. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi tangu anapoanza kazi, cheo chake, kazi atakayofanya, mshahara, na wanaoachwa nje ya hilo ni wale wanaofanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi. Kijana anayeingia jikoni kwako alfajiri na kutoka usiku wiki nzima hayumo kwenye hao. Hata ukimwita kibarua, hata ukimlipa mkononi. Kwahiyo ile karatasi tunayoiomba kwa kubembeleza kama hisani sio hisani, ni haki iliyoandikwa zaidi ya miaka 20 iliyopita, na anayenyimwa anaweza kwenda kwa afisa kazi au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tatizo wapishi wengi hawajui na wanaojua wanaogopa kwamba wataitwa wakorofi na mji wenyewe mdogo, mameneja wote wanajuana.

Najua jibu la mameneja maana nimekaa nao kwenye vikao. Wanasema ukimpa mpishi karatasi kesho anahamia kwa jirani. Ndugu zangu mpishi anahama hata bila karatasi, anahama kwa sababu ya mshahara, ya matusi, ya kupewa zamu mbili mfululizo, ya mtoto kuumwa na kunyimwa ruhusa. Unachokizuia ukimnyima sio kuhama, unazuia asitambulike anakokwenda. Na wewe mwenyewe kesho atakuja kwako mtu kutoka kwingine anasema amepika hoteli kubwa miaka kumi, utajuaje? Nimeletewa watu wenye wasifu mzuri uliochapwa stationery, picha ya kofia ndefu nyeupe, ukimpa kitunguu anashika kisu kama anachonga penseli. Na nimeletewa mama aliyekuwa hana kitu mkononi, kimya, ukimpa kikaango unaona kabisa huyu ameshalisha mamia ya watu. Kama kila hoteli kutoka Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe mpaka Tunduma ingekuwa inatoa cheti cha utumishi cha kweli, wa kwanza asingefika mlangoni kwangu na wa pili asingekuja amekata tamaa.

Kuna watu wataniambia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, mtu aliyejifunzia kazini anapimwa na anapewa cheti. Ni kweli na ni jambo zuri sana, nawasihi wapishi wote wa mtaani waulizie. Ila cheti kile kinasema unaweza. Hakisemi ulishika zamu ya usiku kwenye hoteli ya vyumba vingapi, hakisemi ulikaa muda gani bila kuiba wala kulewa kazini, hakisemi ulikuwa unasimamia watu wangapi. Hayo anayajua mwajiri uliyemfanyia kazi na ndiye anayetakiwa kuyaandika. Vyote viwili vinahitajika, na mtu mwenye vyote viwili ndo benki itamwelewa.

Kwangu mimi kila anayeingia anapewa mkataba siku ya kwanza, hata muosha vyombo, na muosha vyombo ana ratiba yake ya kusogea, akishaweza vyombo na usafi anaingia kwenye kinu, kutoka kinu anaingia kwenye wali, kutoka wali saladi, na kikaango ndo kinakuja mwisho. Kila anaposogea tunaandika kwenye faili lake tarehe na kazi mpya, tunasaini wote wawili. Akiondoka anaondoka na cheti. Haichukui hata nusu saa. Binti mmoja aliyeanza kwangu kwa kuosha vyombo aliolewa Njombe, akaenda na cheti chake kwenye hoteli moja ya huko, na wakampigia simu mimi, wakaniuliza maswali matatu manne, wakamchukua kama mpishi moja kwa moja, hakugusa sinki. Yeye sa hivi ananipigia kuniuliza pa kupata galangali, amewaanzishia wageni mchuzi wa Kithai siku za Ijumaa, kwa kuku wa kienyeji na viazi vya Njombe ndani yake. Yule ndugu wa Iringa akipita Njombe aende akale.

Kwahiyo Mhariri ombi langu kwako ni moja na liko wazi. Waandishi wako wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe waende kwa maafisa kazi wa mikoa hii wawaulize, mara ya mwisho kukagua majiko ya hoteli na migahawa ni lini, walikuta wapishi wangapi wana mikataba, na wangapi walioacha kazi walipewa cheti cha utumishi. Halafu waende kwenye hizo hoteli zinazolalamika wapishi hamna, wasiishie mapokezi, waombe kuingia mpaka nyuma kwenye masinki, wawaulize wale wanaoosha masufuria wanajua kupika nini. Majibu muyachapishe hapa hapa. Na hoteli yoyote inayotaka mfano wa cheti namna kinavyoandikwa ije kwangu, nitaitolea kopi bure.

Mpishi,
Mbeya mjini